Ukurasa wa Kihispania Nao ni Ukurasa

Katika droo ya meza yangu ya darasani kuna bahasha iliyojaa vipande vya karatasi ya manila. Kila kipande nimekikata kwa kipimo cha kitabu fulani cha picha, ili kifunike maneno ya lugha moja na kuacha wazi picha pamoja na maneno ya lugha ya pili. Mgeni anayeingia darasani hushangaa kuona kwamba tunanunua vitabu vyenye Kihispania na Kiingereza katika ukurasa mmoja, kisha tunajitaabisha kuficha nusu ya kile tulichokinunua. Leo nataka kueleza kwa nini tunafanya hivyo, kwa sababu baada ya miaka sita ya kuwa mwalimu msaidizi wa darasa la kwanza mjini Houston, Texas, nimeamini kwamba kitabu cha lugha mbili kinaweza kumjenga mtoto au kumfundisha kuidharau lugha ya mama yake, na kwamba tofauti hiyo hutokana zaidi na msomaji kuliko mchapishaji.

Watoto wetu wana umri wa miaka sita na saba. Wengi wao huzungumza Kihispania nyumbani, na wazazi wao wametoka Mexico, Honduras, El Salvador, Guatemala na, katika miaka ya karibuni, Venezuela. Wachache hujua Kiingereza tu, nao wameandikishwa katika darasa hili kwa hiari ya wazazi wao, ambao wanataka wajifunze Kihispania wangali wadogo. Sheria ya Texas inasema kwamba wilaya ya shule yenye wanafunzi 20 au zaidi wa kiwango kimoja cha darasa ambao lugha yao ya nyumbani ni moja, na ambao bado hawajakimudu Kiingereza, ni lazima iwape elimu ya lugha mbili katika shule ya msingi. Kihispania hufikisha hesabu hiyo kwa urahisi mjini hapa. Lugha nyingine, kikiwemo Kiswahili cha familia za Wakongo waliopokelewa Houston kama wakimbizi, huifikisha kwa nadra sana.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kuanzia mwaka 1918 sheria ya Texas ilimfanya mwalimu wa shule ya umma kuwa mkosaji iwapo angefundisha kwa lugha isiyo Kiingereza, na watoto wenye asili ya Mexico waliadhibiwa kwa kusema Kihispania hata uwanjani wakati wa mapumziko. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao shuleni hahitaji kuelezwa adhabu ya namna hiyo huacha nini moyoni. Mwaka 1928 kijana mmoja aitwaye Lyndon Johnson alikwenda kufundisha watoto maskini wa Kimexico katika mji mdogo wa Cotulla, kusini mwa San Antonio. Miaka 40 baadaye, akiwa rais wa Marekani, alitia saini sheria ya mwaka 1968 iliyotoa fedha za serikali kuu kwa elimu ya lugha mbili. Katazo la Texas liliondolewa mwaka 1969, na mwaka 1973 jimbo likapitisha sheria yake lenyewe ya kuanzisha elimu hiyo.

Ruhusa ilipopatikana, vitabu havikuwepo. Mkutubi Pura Belpré, Mpuertorico aliyeajiriwa na Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1921, alikuwa amewasimulia watoto hadithi kwa Kihispania na Kiingereza kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1996 tuzo ya vitabu vya watoto yenye jina lake hutolewa kwa waandishi na wachoraji wa asili ya Amerika ya Kilatini. Hata hivyo rafu zilibaki na vitabu vichache sana, mpaka wachapishaji wadogo walipojitokeza. Mwaka 1975 Harriet Rohmer alianzisha shirika la Children's Book Press mjini San Francisco ili kuchapisha vitabu vya picha vya lugha mbili. Hapa Houston, shirika la Arte Público lililoanzishwa na Nicolás Kanellos mwaka 1979, ambalo makao yake ni Chuo Kikuu cha Houston, lilifungua mwaka 1994 tawi la vitabu vya watoto na vijana liitwalo Piñata Books. Vingi kati ya vitabu tunavyovitumia vimetoka mikononi mwa watu wa namna hii, ambao hawakuwa na mtaji mkubwa lakini walijua msomaji wao ni nani. Ninaposhika kitabu chao kilichochakaa pembe kwa kupita mikono ya watoto wengi, naona fahari kana kwamba nami nilichangia.

Pamoja na hayo, fungua vitabu kumi vya lugha mbili, uviweke mezani, utazame mpangilio wa kurasa zake. Katika vingi vya vile nilivyovishika, Kiingereza kiko juu kwa wino mweusi uliokoza, na Kihispania kiko chini yake kwa herufi za mlazo, au kwa wino wa rangi hafifu, au kimebanwa pembezoni juu ya picha yenye rangi nzito ambako macho hupata shida kukiona. Sentensi ya Kihispania kwa kawaida huwa ndefu kuliko ile ya Kiingereza, lakini hupewa nafasi ileile, kwa hiyo herufi zake hupunguzwa ukubwa. Mtu mzima anaweza kuyapita mambo haya bila kuyatambua. Mtoto wa miaka sita, ambaye bado anasoma ukurasa mzima kama picha, huyatambua mara moja. Mwaka wangu wa kwanza msichana mmoja mwenye asili ya Honduras aliniambia, bila huzuni yoyote, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na wote, kwamba maneno ya juu ni ya watu wanaojua kusoma na maneno ya chini ni ya wale ambao bado hawajajua. Sikuwa na jibu siku hiyo. Nililipata baadaye, nilipoona kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimthibitishia jambo hilo kila asubuhi.

Wakati huo nilikuwa nikisoma kwa namna ambayo nadhani walimu wengi huianza: sentensi moja kwa Kiingereza, kisha sentensi hiyohiyo kwa Kihispania, ukurasa baada ya ukurasa, watoto wakiwa wameketi juu ya zulia. Nilidhani namtendea haki kila mtoto. Ikapita miezi kabla sijajifunza kuwatazama wao badala ya kukitazama kitabu. Nilipokuwa nikisoma Kiingereza, watoto wa Kihispania walichezea kamba za viatu, wakingoja zamu yao. Nilipogeukia Kihispania, wale wa Kiingereza waliinua macho kwenye dari. Hakuna aliyelazimika kuelewa lugha ngeni, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba baada ya sekunde chache ataletewa maana kwa lugha anayoijua. Hadithi nayo ilikuwa ikikatwa vipande kama mua, na mzaha uliotakiwa kuwachekesha ulikuwa umekwisha kupoa kabla ya kusemwa mara ya pili.

Mwalimu wa darasa, mama mwenye asili ya Monterrey, Mexico, aliyefundisha muda mrefu kuliko nilivyoishi Marekani, ndiye aliyenipa karatasi ya manila na mkasi. Alisema tuvisome vitabu hivi kana kwamba kila kimoja ni vitabu viwili. Tangu siku hiyo kitabu kimoja hukaa nasi wiki nzima. Jumatatu na Jumanne tunakisoma kwa Kihispania tu, na Kiingereza kikiwa kimefunikwa. Jumatano na Alhamisi tunakisoma kwa Kiingereza tu. Ijumaa tunaondoa vifuniko vyote, na hiyo ndiyo siku ambayo watoto huipenda kuliko zote, kwa sababu hupewa kazi ya upelelezi: kutafuta mahali ambapo kurasa mbili zinasema jambo moja kwa njia tofauti, na mahali ambapo hazisemi jambo moja hata kidogo.

Siku za Kiingereza hatuwatupi watoto katika maji marefu. Kabla ya kufungua kitabu tunazungumza nao kwa Kihispania kuhusu picha, tukitaja maneno matatu au manne ambayo hadithi haiwezi kueleweka bila hayo. Kisha tunasoma kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutafsiri, hata mtoto akiomba. Baadaye tunarudi kwenye Kihispania na kuwauliza walichokielewa, nao huruhusiwa kujibu kwa lugha yoyote. Siku za Kihispania watoto wanaojua Kiingereza tu huandaliwa vivyo hivyo kwa lugha yao. Kutotafsiri katikati ndiko kugumu kuliko yote kwa mwalimu mwenye huruma. Nilijizuia kwa kukumbuka kwamba picha ipo, na kwamba mchoraji amelipwa kwa kazi ya kueleza. Mtoto anayetazama picha ya bibi akifuta machozi kwa aproni hahitaji kuambiwa kwa lugha mbili kwamba bibi analia.

Kuna jambo moja ambalo mimi, kama Mswahili, nililiona kabla ya kufundishwa na mtu yeyote. Siku ya kwanza nilipowasikia watoto wakiimba *ma, me, mi, mo, mu* kutoka kwenye chati ya ukutani, nilirudi Tanga, kwenye dawati la watu watatu, mwalimu akigonga ubao kwa fimbo na sisi tukiitikia silabi hizohizo. Kihispania kina irabu tano kama zetu, a, e, i, o, u, na kila moja husomwa vilevile karibu popote inapokaa. Mtoto akizishika irabu na kuziunganisha na konsonanti, baada ya miezi michache anaweza kutamka karibu neno lolote analoliona. Anahitaji tu kukumbuka mambo machache, kwa mfano kwamba *h* ya Kihispania haina sauti, kwamba *j* hutamkwa kooni, kwamba *ll* kwa watu wengi ni kama *y* yetu, na kwamba *ñ* ni *ny* ya nyanya. Kiingereza hakisomeki hivyo. Humo herufi moja hubadili sauti kila inapohamia neno jipya, na mtoto hulazimika kukariri maneno mengi mafupi ambayo hayafuati kanuni. Kwa hiyo ukurasa wa lugha mbili unamtaka mtoto asome kwa njia mbili tofauti, na mwalimu anayezichanganya katika dakika moja humfanya mtoto aanze kukisia. Nimewaona wakisoma *me* ya Kihispania kama ya Kiingereza, kisha ya Kiingereza kama ya Kihispania, mpaka wakakata tamaa. Vifuniko vya manila vilimaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo.

Mwaka juzi tulimpokea mvulana kutoka familia ya Kikongo, anayezungumza Kiswahili cha Kivu na Kiingereza cha miezi mitatu, ambaye wazazi wake walikubali aingie darasa letu kwa sababu mimi nilikuwamo. Baadhi ya wenzangu waliona ni mzigo kumwongezea Kihispania. Wiki ya pili alinivuta mkono na kunionyesha picha ya jikoni yenye vitu vilivyoandikwa majina. *Mesa*, alisoma, akagonga meza. Ukurasa uliofuata ulikuwa na *bandera*, naye akasema, «Mwalimu, hii ni bendera tu.» Nilimweleza kwa kadiri ya umri wake kwamba Wareno walipofika pwani yetu walituachia maneno ambayo ni ndugu wa haya ya Kihispania, na kwamba *azúcar* na sukari, *aceituna* na zeituni, hata *hasta* na hata yetu, ni watoto wa Kiarabu waliolelewa katika nyumba mbalimbali. Silabi zinazoishia kwa konsonanti zilimsumbua kidogo, na kwa muda mrefu *sol* kwake ilikuwa «soli» na *pan* ilikuwa «pani». Kufikia Krismasi alikuwa akisoma Kihispania kwa sauti bila kukwama, na ujasiri alioupata huko aliubeba akaingia nao kwenye Kiingereza.

Ijumaa za upelelezi zimetufundisha sisi watu wazima pia. Katika kitabu kimoja mhariri alisahau kuweka alama juu ya herufi, na mahali palipotakiwa kuandikwa kwamba *mi papá* yuko jikoni paliandikwa *mi papa*, yaani kiazi changu. Watoto walicheka mpaka wakalala juu ya zulia. Nilipowaambia kwamba kwa lugha yangu neno hilo ni samaki mkubwa mwenye meno makali, wakachora jiko lenye baba, kiazi na papa wakiwa wote wamevaa aproni, na mchoro huo bado uko ukutani. Hakuna somo la alama za lafudhi ambalo ningeweza kuliandaa likaeleweka kuliko hilo. Katika kitabu kingine mtafsiri alihamisha mlio wa jogoo wa Kiingereza na kuuweka katika hadithi ya Kihispania, ilhali jogoo wa Kihispania huwika *quiquiriquí*, naye ni jirani wa karibu wa kokoriko yetu. Mvulana mmoja alitamka kwa uzito wote wa miaka yake saba kwamba jogoo yule amehamia Marekani.

Makosa kama hayo hunifurahisha darasani lakini hunikasirisha dukani, kwa sababu yanaonyesha kwamba Kihispania kimepitiwa kwa haraka na mtu asiyekisoma kwa sikio. Siku hizi, kabla ya kupendekeza kitabu chochote, hufunika Kiingereza na kusoma kurasa za Kihispania peke yake kwa sauti, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama hadithi inasimama kwa miguu yake, yenye mdundo na maneno ambayo bibi wa mtoto angeyatumia, kitabu hicho ni chetu. Kama inasikika kama maelekezo ya dawa, tunakirudisha hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Hadithi za vina hasa huumia, kwani vina vya Kiingereza haviwezi kuvuka mpaka, na mtafsiri asiyepewa uhuru wa kutunga upya huishia kutoa maneno makavu. Vipo pia vitabu vya Kiingereza vilivyonyunyiziwa maneno machache ya Kihispania, mengi yakiwa ya vyakula na ya kumwita bibi. Navyo tunavisoma, lakini sivihesabu kuwa vya lugha mbili.

Kihispania chenyewe si kimoja, na hapa ndipo kitabu cha picha hukizidi kitabu cha kiada. Tukisoma hadithi ya mtoto anayerusha tiara, ambayo wengine kwetu huiita kishada, kitabu husema *papalote*, kwa kuwa mwandishi ana asili ya Mexico, ambako neno hilo lilitoka kwa Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa asili wa huko, likiwa na maana ya kipepeo. Mtoto wa El Salvador hukataa na kusema *piscucha*. Wa Venezuela husema *papagayo*, na wa Guatemala husema *barrilete*, kisha husimulia tiara kubwa kuliko nyumba zinazosimamishwa katika mji wa Sumpango kila tarehe 1 Novemba kwa ajili ya marehemu. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha ili wafuate kitabu. Sasa tunaandika majina yote kwenye karatasi na kuibandika ndani ya jalada la nyuma, na mtoto aliyeleta neno huandika herufi ya kwanza ya jina lake pembeni. Kitabu kinachorudi maktaba kikiwa na karatasi hiyo kimeongezeka thamani, ingawa mkutubi wetu mwanzoni hakuliona jambo hilo hivyo.

Alhamisi jioni vitabu huenda nyumbani katika mfuko wa kitambaa. Nyumba nyingi zina mtu mmoja anayeweza kusoma upande wa Kihispania, mara nyingi bibi, na kwa usiku huo bibi huyo anakuwa mwalimu mwenye mamlaka kamili, wala hasubiri mjukuu amtafsirie kama anavyosubiri hospitalini na benki. Kuna mama aliyenijia mlangoni akaniita *maestra*, yaani mwalimu, na kuniuliza kwa sauti ya chini kama alikosea kusoma kwa Kihispania, maana alisikia kwamba kingemchelewesha mtoto Kiingereza. Nilimwambia, kwa Kihispania changu chenye lafudhi ya Tanga, kwamba mtoto akijua hadithi hujengwaje katika lugha moja, hahitaji kujifunza jambo hilo upya katika lugha ya pili. Hilo nimelishuhudia mara nyingi mno kulionea shaka.

Si nyumba zote, hata hivyo. Msichana wetu mmoja wa Guatemala alikuwa akirudisha mfuko bila kitabu kuguswa. Fomu aliyojaziwa siku ya kuandikishwa ilisema lugha ya nyumbani ni Kihispania, nasi tukaamini. Ilikuja kujulikana kwamba nyumbani kwao huzungumzwa Kimam, mojawapo ya lugha 22 za Kimaya za Guatemala, na kwamba Kihispania kwake kilikuwa lugha ya kujifunza kama Kiingereza. Baba yake hakusoma lugha yoyote kati ya hizo kwa urahisi. Tulikuwa tumempa mtoto huyo lugha mbili ngeni tukidhani tumempa moja, na naona aibu kwamba ilituchukua mpaka Februari kuligundua. Tulimwomba baba ashike kitabu, atazame picha, na kumsimulia binti yake kwa Kimam jinsi anavyoona yeye. Wiki iliyofuata binti alitusimulia hadithi hiyo kwa Kihispania, nayo ilikuwa na mbwa ambaye hayumo katika kitabu na mwisho ulio bora kuliko wa mwandishi.

Jumatatu ijayo tunaanza tena kitabu cha tiara na kundi jipya. Karatasi ya jalada la nyuma ina majina saba, mawili yakiwa ya Kiswahili na moja la Kimam, ambalo baba yule alilitamka na binti akaliandika kwa kukisia herufi. Vipande vya manila nimevikata upya kwa sababu vya zamani vimelegea, na vyote vimekaa upande wa Kiingereza.